Shokapu za Mwalimu Shanta

Simu ilipoita, Anyitike alikuwa amelala chali chini ya lori dogo, mikono yote miwili imejaa grisi, akaiacha iite. Ikakata, ikaita tena. Mara ya tatu akajiburuta kutoka, akafuta kidole kimoja kwenye ovaroli na kuipokea kwa kidole hicho hicho.

"Wewe ndiye fundi Anyitike wa Mwanjelwa?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu.

"Ndiye mimi."

"Naitwa Komal, binti wa Mwalimu Shanta. Mama amepata ajali na ile gari uliyomtengenezea wiki mbili zilizopita. Yuko hospitali huku Iringa. Mkono umevunjika, na mbavu mbili. Gari tumeivuta mpaka nyumbani kwangu. Nilitaka tu ujue."

Akakata.

Anyitike alibaki amesimama na simu mkononi. Kilichompanda kwanza hakikuwa huruma. Kilikuwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia. Alipiga teke beseni la mafuta machafu, likapinduka, mafuta yakatambaa hadi kwenye viatu vya mwenye lori, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akisubiri.

"Vipi tena, fundi?"

"Tafuta fundi mwingine," Anyitike alimwambia. "Leo sifanyi kazi."

Watu wa gereji zilizo nyuma ya soko la Mwanjelwa walikuwa wamemzoea. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mfupi, mwenye mabega mapana, na alijulikana kwa mambo mawili: hasira za karibu, na ufundi wa miguu ya mbele ya magari ya zamani. Mtu mwenye Pijo au Datsun inayogonga mbele, hata akitokea Tunduma au Kyela, alielekezwa kwake. Kazi ya kulipua hakuitaka. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kumwomba amchomelee tu springi iliyokatika, ili aliuze gari kabla mnunuzi hajagundua. Anyitike aliutupa ufunguo wa mtu yule katikati ya barabara na kumwambia aufuate.

Ufundi huo aliupatia Iringa. Yeye kwao ni Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu, na baba yao alipofariki yeye alikuwa darasa la tano. Kaka yake Yotamu, aliyemzidi miaka sita, aliacha sekondari akaanza kusafirisha ndizi kwenda Mbeya mjini ili nyumbani wapate kula. Ni Yotamu aliyempeleka Ipogolo, pale chini kabla hujapanda kwenda Iringa mjini, kwa fundi wa Kihehe aliyeitwa Bartolomeo, akamlipia chumba miaka yote minne. Bartolomeo alikuwa mzee mkali, mtu wa kukufungulisha kazi nzima upya kwa ajili ya nati moja. Anyitike alitoka pale akiijua kazi, na akijua pia kwamba kila spana aliyoishika ilitoka mgongoni kwa kaka yake.

Sasa Yotamu alikuwa na duka la spea hapo hapo Mwanjelwa, mwendo wa dakika mbili kutoka gereji. Na shokapu ambazo Anyitike alizifunga kwenye gari la Mwalimu Shanta zilitoka kwenye duka hilo.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 120Y ya rangi ya maziwa, ambayo marehemu mume wa Mwalimu aliinunua ikiwa mpya. Mwalimu Shanta alifundisha hesabu katika shule za msingi za Mbeya kwa miaka thelathini na tano. Alipostaafu, na mumewe akafariki, alikataa kutafutiwa dereva. Kila mwezi aliendesha mwenyewe kwenda Iringa kumwona binti yake. Alikuja gereji akilalamika kwamba gari siku hizi linarukaruka kama mwanambuzi. Anyitike akabonyeza boneti na kuliachia. Gari likashuka, likapanda, likashuka, likapanda.

"Shokapu za mbele zimekufa, Mwalimu."

"Basi weka nzima," alisema Mwalimu. "Mimi si mtu wa kurudi rudi."

Kwenye gari lile, mguu wa mbele ni bomba nene lililosimama katikati ya springi, na shokapu imefichwa ndani ya bomba. Ikifa, hubadilishi mguu mzima. Unaibana springi, unafungua nati kubwa iliyo juu ya bomba, unaivuta shokapu mbovu na kutumbukiza mpya. Tabu ni kuipata hiyo mpya, maana magari yenyewe yamebaki ya kuhesabika. Yotamu akasema anazo mbili, ziko kwenye boksi. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa.

Kabla ya kuzifunga, Anyitike alifanya kama alivyofundishwa Ipogolo. Alisimamisha kila moja wima sakafuni, akaishindilia rodi, kile chuma chembamba kinachotokeza juu, kwa kiganja na kuivuta, mara kumi. Ya kulia ilikaza vizuri kwenda na kurudi. Ya kushoto ilikuwa na mahali, karibu na juu, kama upana wa vidole viwili, ambapo rodi ilipita bure, bila kukaza. Shokapu iliyolala muda mrefu huwa hivyo mpaka mafuta yashuke. Akaipampu mara kumi nyingine. Pale pa bure pakapungua, lakini hapakuisha. Angekuwa amenunua kwa mtu mwingine, angeirudisha na matusi juu yake. Lakini ilikuwa ya kaka. Akajiambia itakaa sawa ikishatembea. Akaifunga.

Hilo ndilo lililokuwa likimla tangu simu ilipokatwa.

Jioni ile alimpigia Komal, akamwomba mtu yeyote asiguse miguu ya mbele ya lile gari.

"Unataka kuja kuficha nini?" Komal aliuliza.

"Sifichi. Nataka nifungue mbele yenu."

Akaambiwa asubiri Mwalimu atoke hospitali, kwa sababu Mwalimu mwenyewe alitaka kuona. Zikapita siku nne. Kila siku Anyitike alipita mbele ya duka la Yotamu bila kugeuza shingo. Alijijua. Akiingia pale bila ushahidi, atampiga mtu. Siku ya tatu Yotamu alimwita kutoka mlangoni, "Mdogo wangu, mbona umenuna hivyo?" Anyitike akaendelea na safari yake.

Siku ya tano alipanda basi la asubuhi, begi la vifaa kwenye mapaja, na hakusema na jirani yake mpaka Iringa. Nyumba ya Komal ilikuwa Gangilonga. Datsun ilikuwa uani, bampa limekunjwa, taa moja imening'inia kwa waya. Mwalimu Shanta alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando yake, mkono wa kushoto kwenye plasta, umefungwa shingoni kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole sana."

"Marahaba," alijibu. Hakusema asante ya pole. "Nikueleze kwanza, halafu utafungua. Nilikuwa nimepita Ifunda. Ng'ombe wakavuka barabara, mbali tu, siyo karibu. Nikashika breki. Gari ikainama mbele, ikainuka, na ilipoinuka usukani ukawa mwepesi, kama hauna kitu chini. Ikavuta kushoto mpaka mtaroni. Nimeendesha gari hiyo zaidi ya miaka arobaini, Anyitike. Siku ile haikunisikia."

"Naelewa."

"Bado hujaelewa. Fungua."

Alipiga jeki, akaweka mawe, akatoa tairi la kushoto. Komal alisimama nyuma yake na simu, akirekodi. Anyitike alifungua bolti za chini na za juu, akautoa mguu mzima na kuulaza juu ya gunia. Akaibana springi kwa vibano viwili, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kwa sababu springi iliyobanwa vibaya huweza kumvunja mtu taya. Akaitoa. Kisha akashika nati ya bomba kwa paipu renchi na kuilegeza.

Alipoivuta shokapu, mafuta yalichuruzika juu ya gunia. Yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Anyitike alikumbuka vizuri alichomimina ndani ya lile bomba wiki tatu nyuma: mafuta safi ya rangi ya asali ya kuipoza shokapu, kiasi cha kikombe. Aliigeuza shokapu. Rodi ikatumbukia ndani yenyewe, kwa uzito wake, bila kuguswa.

Alichukua msasa akakwaruza rangi nyeusi. Chini yake kulikuwa na rangi ya bluu iliyopauka, na chini ya bluu kutu. Kitakoni palikuwa na tundu la ukubwa wa msumari. Mabaki ya gundi ya chuma yalikuwa bado yamelishika ukingoni.

"Eleza," alisema Mwalimu.

"Hii ni shokapu iliyokufa. Mtu ameitoboa chini, akamimina oili ya injini, akaziba tundu kwa gundi, akapaka rangi. Ikiwa na oili inakaza siku chache. Ikipata moto, gundi inaachia. Oili ikivuja, gari haina shokapu."

"Na ile nyingine?"

Akaifungua ya kulia mbele yake. Ilikuwa vivyo hivyo, ila gundi yake ilikuwa bado imeshika.

Mwalimu Shanta aliziangalia zote mbili zimelala kwenye gunia.

"Ulijua?"

"Sikujua, Mwalimu."

"Nakuuliza mara ya pili, na ya tatu sitakuuliza. Ulipozishika kwa mikono yako, ulijua?"

Anyitike aliangalia chini. Alitaka kumkasirikia mama huyu kwa kumuuliza vile, kama mtoto aliyeshikwa ananakili, na hakuweza, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

"Hii ya kushoto nilihisi haiko sawa. Nikaifunga."

"Kwa nini?"

"Alinipa kaka yangu."

Komal alishusha simu.

"Aliyezipaka rangi ni mwizi," Mwalimu alisema. "Mwizi namfahamu, najua nimweke wapi. Wewe ulihisi, ukaniangalia usoni, ukanipa ufunguo. Ukaniambia safari njema. Nakumbuka. Wewe nikuweke wapi?"

Mwalimu hakungoja jibu.

"Sasa utatafuta nzima, utazifunga leo hii, hapa, nikiona. Halafu utakwenda na Komal polisi uandike ulichoniambia. Chote, pamoja na hicho cha kuhisi."

Iringa nzima Anyitike alijua mtu mmoja tu anayeweza kuwa nazo. Mzee Jaffer alikuwa na duka la spea tangu enzi za Bartolomeo, na alikuwa na tabia ya kutotupa kitu. Anyitike alimkuta kaunta, mwembamba kuliko zamani, akamweleza bila kuficha. Mzee Jaffer alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja la matusi kwa sauti ya chini na kuvuta ngazi. Boksi zilikuwa rafu ya juu kabisa, zimeliwa na vumbi, maandishi ya Kijapani ubavuni. Alizipangusa kwa kanzu yake.

"Nilikuwa nazo mbili tu," alisema. "Zijaribu hapa hapa. Usiniamini mimi."

Anyitike alizijaribu juu ya sakafu ya duka, na safari hii hakukubali mpaka rodi zote mbili zimekaza mwanzo hadi mwisho, kwenda na kurudi. Alipampu hadi jasho likamtoka, na kila akishindilia alimwona Yotamu.

Alizifunga alasiri ile. Alisafisha mabomba kwa petroli, akamimina mafuta mapya, akatumbukiza shokapu, akakaza nati, akarudisha springi na kuhakikisha ncha yake imekaa kwenye kitako chake. Raba za juu alizibadilisha pia. Mwalimu hakuinuka kwenye kiti. Kazi ilipokwisha, Anyitike alibonyeza boneti. Gari likashuka, likapanda mara moja, likatulia.

"Mkalipime matairi kama yamekaa sawa kabla ya kulitembeza," alisema.

"Tutapima," alijibu Mwalimu. Kisha akamwambia Komal achukue ufunguo wa gari lake, waende polisi.

Siku iliyofuata, Anyitike alirudi Mbeya na zile shokapu mbovu, zimefungwa kwenye gazeti. Polisi walikuwa wamezipiga picha na kumwambia azitunze. Kutoka stendi alikwenda moja kwa moja dukani kwa Yotamu. Wateja watatu walikuwa mbele ya kaunta. Aliziweka juu ya kaunta katikati yao, akafungua gazeti.

Yotamu aliziangalia, kisha akamwangalia yeye.

"Zungukia nyuma tuongee."

"Tutaongea hapa. Ulizitoa wapi?"

"Punguza sauti."

"Ulizitoa wapi, kaka?"

"Zinaletwa," Yotamu alisema kwa upole wa mtu anayemtuliza mlevi. "Kuna jamaa anazifufua. Watu wana magari ambayo spea zake hazipo tena duniani. Niwaambie watembee kwa miguu?"

"Mimi ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

Anyitike alizunguka kaunta, akavuta boksi nne kutoka kwenye rafu na kuzifungua. Alimpa kila mteja shokapu moja. "Kwaruzeni rangi. Tumieni ufunguo." Mmoja wao, dereva wa kutoka Ubaruku aliyekuja kutafuta spea za pikapu ya mpunga, alikwaruza. Chini ya rangi nyeusi ikatokea nyekundu yenye kutu. Aliirudisha juu ya kaunta taratibu, akatoka bila kuaga. Wenzake wakamfuata.

Yotamu sasa alikuwa amesimama.

"Umemaliza? Basi na mimi nikuulize. Ulizishika kabla ya kufunga. Mkono wako nimeulipia mimi, najua thamani yake. Usiniambie hukuhisi."

"Nilihisi."

"Basi tuko wawili."

"Tuko wawili. Na nimeandika hivyo polisi Iringa."

Uso wa Yotamu ulibadilika. "Umeandika jina langu?"

"Lako na langu."

"Nilikubeba mgongoni, Anyitike."

"Najua. Ndiyo sababu niliifunga." Alizirudisha zile shokapu mbovu kwenye gazeti. "Yule mama nusura afe kwa sababu nilikuonea haya. Nimekuonea haya tangu nikiwa mtoto. Leo basi."

Jioni mama yao, Alinanuswe, akamwita. Aliishi Uyole, kwenye nyumba aliyojengewa na Yotamu, na alikuwa amepika. Anyitike alipoingia aliona sahani mbili mezani, moja imekwisha kuliwa, na akajua Yotamu alishapita.

"Mwanangu, ugomvi wa ndugu haupelekwi polisi," mama alisema. "Nenda ukafute."

"Si ugomvi wa ndugu, Mama. Mtu ameumia."

"Amepona. Kaka yako atafungwa."

"Angekufa ungesemaje?"

Mama yake alifunika sahani kwa kawa, akakaa, akaiangalia mikono yake.

"Yotamu aliacha shule kwa ajili yako," alisema. "Usije hapa mpaka umekwenda kufuta."

Anyitike aliinuka. Hakula. Alitembea kwa miguu kutoka Uyole, akapita Igawilo bila kuyaona magari, maana macho yake yalikuwa hayashiki kitu, na alipogundua kwamba anakwenda upande usio wake, akageuka na kurudi njia nzima akijitukana.

Hakufuta. Yotamu hakufungwa. Alitozwa faini, duka likafungwa kwa muda, na lilipofunguliwa tena lilikuwa linauza matairi. Aliyekuwa akizifufua zile shokapu hakupatikana kamwe, au hakutafutwa vya kutosha. Anyitike alikwenda kuulizia mara tatu, na mara ya tatu askari akamwambia asiwafundishe kazi. Anyitike naye alipewa onyo kali, akalisaini. Wateja walipungua. Wengine walisema mtu anayemtaja ndugu yake wa damu hawezi kuaminiwa na ufunguo wa gari. Wachache walikuja kwa sababu hiyo hiyo ya kwamba alimtaja. Wote aliwahudumia kwa uso ule ule uliokunjwa.

Mkono wa Mwalimu Shanta ulipona, ingawa kiwiko hakinyooki sawasawa. Aliendelea kuendesha. Siku moja Anyitike aliiona ile Datsun ikipita barabara kuu karibu na Kabwe, bampa jipya, mbele imetulia. Alimpigia kumjulia hali. Simu haikupokelewa, lakini baadaye ukaja ujumbe: "Gari inakwenda vizuri. Naipeleka kwa fundi mwingine. Usinipigie tena." Aliusoma mara mbili, akairudisha simu mfukoni, na siku nzima hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Mwaka uliofuata mjomba wao alifariki Rungwe, na ndugu wote wakakutana msibani. Mama Alinanuswe alipokea salamu ya Anyitike mbele za watu, kwa sauti ya kusikika, kisha akageukia wageni wengine. Mvua ilikuwa inakaribia na turubai halijasimama. Mzee wa ukoo, bila kuuliza nani haongei na nani, aliwapa Yotamu na Anyitike nguzo moja nzito ya katikati.

Waliinua pamoja, Yotamu juu, Anyitike chini, wakaitumbukiza kwenye shimo. Anyitike akaishikilia wakati Yotamu akishindilia udongo kwa mguu.

"Una hasira bado?" Yotamu aliuliza bila kumtazama.

"Ninayo."

"Na mimi ninayo," alisema Yotamu.

Wakaenda kuchukua nguzo ya pili.